Macho ya Mkamwana

Ndandalo, nyumba ya uani
6 Februari 2023

Baba,

Shikamoo. Mugonile. Natumaini kifua kimetulia, maana juzi nilikusikia ukikohoa na hapakuwa na mtu wa kukupelekea maji ya moto. Mimi namshukuru Mungu. Naamka, naota jua, na mkono wa kushoto umeanza kushika kijiko.

Usishtuke kuona barua. Najua mkamwana haongei na baba mkwe, hamtazami, na akisikia hatua zake anajificha nyuma ya migomba. Nimelishika hilo tangu Lugano aliponioa, hata pale majirani waliponicheka kwamba siku hizi watu wanakula meza moja na wakwe zao. Lakini mama yuko Ngana anamuuguza bibi, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu kwako. Simu yangu iliibiwa wodini kule Mbeya. Lugano yuko Mbamba Bay na kazi zake za ujenzi, na akipiga anampigia mama. Hapa tumebaki wewe na mimi, na hatuongei. Nimewaza sana nikaona kwamba wazee walikataza uso na sauti, karatasi hawakuitaja. Nimeiweka barua chini ya kifuniko cha sanduku la kuchachushia kakao kwa sababu asubuhi lazima ulifungue.

Shida yangu ni dawa. Mama alikueleza kwamba nilianguka mashineni tulipokuwa tunakoboa mpunga, nikatupa mikono na miguu, povu likanitoka, na Pili mke wa Mudathiri mwenye duka ndiye aliyenishika kichwa mpaka gari likapatikana. Sijui kama alikueleza yaliyofuata. Mbeya walinipiga picha ya kichwa wakakuta damu imeganda kwenye mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Damu inaingia, kutoka haitoki vizuri, kichwa kinajaa. Ndiyo maana nilikuwa nikilala kinauma kuliko nikisimama. Kisha daktari, mama wa makamo mwenye mikono ya baridi, akanishika shingo akasema chanzo kiko hapo. Tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Inaukimbiza moyo, inanikondesha, na inaifanya damu igande upesi.

Wakanichoma sindano za tumboni asubuhi na jioni, halafu wakanipa vidonge vya namna mbili. Kimoja cha kuituliza tezi. Kingine cha kuzuia damu isigande tena, na hicho kina masharti, lazima nipimwe damu mara kwa mara. Damu ikiwa nyepesi mno itavuja ndani kwa ndani, ikiwa nzito mno lile bonge litarudi.

Hicho cha damu kinakaribia kwisha na maduka ya dawa ya Kyela hayana. Naomba umwambie Mudathiri, akienda Mbeya kufuata bidhaa, aninunulie. Jina la dawa nimeliandika nyuma ya karatasi. Naogopa, baba. Daktari alisema nikikatisha naweza kuanguka tena, na safari hiyo nisiamke.

Mkamwana wako,
Asifiwe

*

Ndandalo
8 Februari 2023

Mkamwana,

Marahaba. Nimeamka salama, kifua ni cha uzee na uzee hauna sindano. Wewe endelea kuota jua, ila usikae upande wa kakao, maana hapo ndipo ninapogeuza na nitalazimika kuzunguka nyuma ya zizi langu mwenyewe kama mwizi.

Barua yako nilidhani ni ya mtendaji wa kijiji, mambo ya michango. Nilipoona neno Baba nikaikunja, nikakaa, nikaikunjua tena. Toka nizaliwe sijasikia mkamwana akimwandikia mkwe wake. Mke wa kaka yangu aliishi hapa mpaka tukamzika mzee, na mzee alizikwa hajui sauti ya yule mama ikoje. Lakini hoja yako ya karatasi nimeigeuza huku na huku nikakosa pa kuipinga. Ungekuwa mwanamume ningekupeleka ukatusemee kwenye ile kesi yetu ya mpaka.

Mudathiri nimemwona. Alianza kuniuliza kwa nini nisimuulize mgonjwa mwenyewe anataka nini, na mimi nina mdomo na yeye ana masikio. Watu wenye asili ya pwani mambo yetu hayawaingii. Dawa ataleta. Yohana wa bodaboda atakuja Alhamisi akupeleke hospitali ya wilaya ukapimwe hiyo damu. Nimemwambia apite polepole kwenye makorongo, na akikuangusha asirudi kijijini.

Mlangoni nimekuachia kichane cha ndizi na mzigo wa mchicha. Hizo ndizi zipike mbalaga ule ushibe, maana nasikia ndala zako zinaburuta kama hazina mtu ndani.

Kuna jambo linanisumbua. Mke wangu aliniambia ni kichwa tu. Hili la shingo sikulisikia. Lilianza lini?

Mimi baba mkwe wako

*

Ndandalo, nyumba ya uani
19 Februari 2023

Baba,

Shikamoo. Ndaga fijo, ahsante sana. Dawa imefika, Yohana alikwenda mwendo wa harusi, na damu imepimwa. Nesi ameniongezea nusu kidonge. Mchicha wako nimeula kidogo na mwingi nimewapa kuku wako, usinune. Daktari aliniambia mboga za majani nile kwa kiasi kilekile kila wiki, nisishindilie siku moja, kwa sababu zinaipunguza nguvu dawa ya damu.

Umeuliza shingo ilianza lini. Nilitamani usiulize, kwa sababu nikianza kujibu sitaweza kunyamaza.

Ilianza mwaka juzi wakati wa mavuno. Mikono ilitetemeka mpaka chai inamwagika. Moyo ulikwenda mbio nimekaa. Nilisikia joto wenzangu wamejifunika. Halafu yakaja macho. Kope zilijivuta juu, mboni zikatokeza, nikawa kama mtu aliyeshtushwa hata nikiwa nimetulia. Mpaka leo nalala hayajafumba sawasawa. Yule daktari wa Mbeya alipoyaona alijua kabla hajanigusa. Alisema haya ndiyo alama yenyewe ya ugonjwa huu wa tezi, wengi wanayapata. Akaniuliza kwa nini sikuletwa mapema, maana nyumbani lazima kila mtu aliyaona.

Waliyaona, baba. Wewe uliyaona. Ulisema mke wa Lugano anakukodolea, kwamba ukipita anakutazama usoni bila haya. Ukaita wazee. Baba yangu Zebedayo akatoka Matema na ndama wa kuomba radhi, mtu mzima yule, akapiga magoti sebuleni kwako kwa kosa ambalo hata mimi nilikuwa silijui. Nilikuwa jikoni nalia, najiuliza nimekutazama saa ngapi. Miguu yako naijua, na ule mkongojo. Sura yako siijui mpaka leo ninapoandika.

Toka siku ile nikatembea na kitenge kimeshushwa mpaka puani na kuzungushwa shingoni. Humo ndani shingo ikavimba na hakuna aliyeiona. Nikakonda, mama akasema ni aibu inanila. Kichwa kikaanza kuuma, nikasema moyoni ndiyo adhabu yangu hiyo, nikanyamaza. Damu ikapata nafasi ya kuganda. Ningekuwa na uso wazi, hata nesi wa zahanati angeniambia mapema.

Sitaki huruma. Nataka jambo moja tu. Waite wazee walewale, baba yangu awepo, useme mbele yao kwamba yale yalikuwa maradhi, hayakuwa utovu wa adabu. Lugano bado anaamini nilimdhalilisha baba yake. Akipiga simu anamuuliza mama kama bado namkodolea mzee. Wewe ndiye uliyeniweka hapo, na hakuna mwingine anayeweza kunitoa.

Mkamwana wako,
Asifiwe

*

Ndandalo
3 Machi 2023

Mkamwana,

Marahaba. Sisi wazima, ng'ombe wazima, kuku wamenenepa kwa mchicha. Barua yako nimechelewa kuijibu kwa sababu ya kazi ya kukausha kakao, mvua hizi hazimpi mtu nafasi.

Nimeisoma, nimeielewa. Nilimuuliza nesi wa zahanati bila kutaja mtu, nikajifanya nasikia tu habari za watu wa Tukuyu. Akasema ni kweli, ugonjwa huo unatoa macho. Basi pole. Pole sana, nasema hivyo kwa moyo wote.

Lakini kuita wazee si kama kuita kuku. Shauri nililileta mimi, na ukubwa wa ukoo huu ninao mimi. Nikisimama niseme nilikosea, kesho kila mkamwana wa Ndandalo atakuwa na cheti cha daktari cha kumtazama baba mkwe wake. Ukoo huu umebaki peke yake kushika mambo haya, wengine wote wameshayatupa. Siwezi kuwa mimi wa kuyatoboa.

Lugano anakuja Pasaka. Nitamkalisha pembeni, kiume, nimweleze. Hilo nakuahidi. Na dawa hazitakosekana maadamu mimi napumua, Mudathiri ameshazoea, siku hizi hata haniulizi. Pia nimekusikia unatwanga. Punguza. Hujapona wewe, umepata nafuu tu.

Mimi baba mkwe wako

*

Matema
24 Aprili 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi naendelea vizuri kiasi, kichwa kimetulia. Natumaini na wewe hujambo. Barua hii nampa Mudathiri, kwa kuwa sanduku la kakao liko mbali nami sasa.

Sikupata nafasi ya kuaga. Unajua sababu, ulikuwepo. Lakini pengine hujui kwamba nilikuwa jikoni na dirisha lilikuwa wazi, na nilisikia kila neno la kikao alichoitisha Lugano Pasaka ili aniache.

Lugano alisema mambo mawili. Alisema daktari amenikataza kubeba mimba maadamu nameza vidonge vya damu, kwa sababu vinamdhuru mtoto, na yeye hawezi kusubiri. Hilo ni kweli, na lingezungumzika, hata mama, aliyekuwa ametoka Ngana kwa ajili ya Pasaka, alianza kusema kwamba ni la muda. Halafu akasema mke mwenyewe ndiye huyu aliyemkodolea baba yake macho mpaka ukoo ukakaa. Hapo mama akanyamazishwa. Mzee mmoja akakugeukia, akauliza kama lile shauri la macho lina neno jipya. Aliuliza kwa upole, baba. Mlango aliuacha wazi kabisa, kazi yako ilikuwa kuingia tu.

Nikasogea dirishani. Ukasema, "Yaliyoamuliwa hatuyafukui." Kisha ukaomba maji ya kunywa.

Maji hayo niliyachota mimi. Nilimpa mama akuletee, nikaingia ndani kufunga nguo zangu.

Barua zako ninazo. Umeandika kwa mkono wako kwamba ni ugonjwa, na nesi alikuthibitishia. Kwa hiyo hukunyamaza kwa kutojua. Nisingeumia hivi kama ungekuwa mjinga. Ningesema mzee wa watu hajui, nikalala. Lakini uliniletea ndizi, ukanitafutia dawa, ukanitania, nikaanza kukupenda kama mzazi, nakuambia ukweli. Nilikuwa naamka asubuhi nikisubiri utoke kwenye kakao, nione kama umeweka barua. Kumbe ulikuwa tayari kunifanyia lolote isipokuwa lile nililokuomba.

Sasa nina swali, na nimelibeba tangu Ndandalo. Mwiko huu una pande mbili. Mkamwana hamtazami mkwe, na mkwe naye hamtazami mkamwana. Ulijuaje kwamba nakutazama usoni, kama wewe hukuwa unautazama wangu?

Baba yangu hajaniuliza kitu. Ananitia dawa ya matone kwenye macho kila jioni, ameketi mbele yangu, pua kwa pua. Vidonge vya damu vinaelekea kwisha, nitajitafutia.

Mkamwana wako, maana kanisa bado halijamaliza karatasi zake,
Asifiwe

*

Ndandalo
2 Septemba 2023

Mwanangu,

Nakuita hivyo kwa sababu sijui sasa nikuiteje. Hujambo? Hali ya macho? Sisi tupo. Bibi wa Ngana alifariki mwezi wa sita, tumemzika, na mke wangu amerudi, amechoka sana. Mvua zilikuwa nzuri, mpunga umekubali. Kifua ndicho hakijakubali.

Lugano ameleta binti wa Mbinga. Ni mtoto mwenye adabu, anajificha mpaka ndala zake sizisikii. Sina la kumlaumu. Ila haandiki. Kila asubuhi nafungua sanduku la kakao nakuta kakao.

Swali lako nililisoma. Mtu wa umri wangu haulizwi hivyo na mtoto wa mwenzake, na nilikaa nimekasirika karibu kipupwe chote. Sasa hasira imeisha. Nimekuwa nakuombea kanisani, kimoyomoyo. Na yale mambo ya macho, nataka ujue kwamba mimi nimeshakusamehe kutoka moyoni, bila kuita mtu yeyote. Sina kinyongo na wewe tena. Upone kwa amani.

Nimempa Mudathiri dawa zako, za damu na za tezi, za kutosha mpaka mwisho wa mwaka. Usizirudishe. Ukiweza uniandikie, hata mistari miwili, nijue damu inasemaje huko.

Mimi mzee wako

*

Matema
15 Januari 2024

Nsajigwa,

Habari za Ndandalo. Pole kwa msiba wa bibi, nao ulinifikia. Mpe mama pole zangu, yeye alijaribu.

Nimeandika jina lako. Mke wa mwana halitamki jina la baba mkwe mpaka anaingia kaburini, na mimi nilikaa kwako miaka yote sijalitamka hata nikiwa peke yangu. Kanisa limemaliza karatasi zake. Kwa hiyo naliandika kama ninavyoandika jina la mtu yeyote.

Dawa zilifika na nilizimeza zote. Sikuzitupa, mimi si mjinga. Mwezi uliopita nilikwenda Mbeya wakanipiga picha nyingine ya kichwa. Mshipa umefunguka, damu inapita. Vidonge vya damu wamenisimamisha, vya tezi bado naendelea. Mikono haitetemeki na nimenenepa, nguo za mwaka jana zinanibana. Macho ndiyo hayakurudi. Daktari alisema yangewahiwa pengine yangerudi, sasa yatabaki hivi.

Umeandika kwamba umenisamehe. Niliisoma mara nyingi nikidhani nimekosea kusoma. Umenisamehe ugonjwa, Nsajigwa. Nilimsomea baba yangu, akasema nisikujibu. Nisingekujibu, isipokuwa kwa ajili ya Ijumaa.

Ijumaa nilikuwa Kyela, dukani kwa Pili. Palikuwa na mzee anachagua majembe upande wa pili wa barabara, na Pili akaninong'oneza kwamba ndiye wewe. Nikakutazama kwa mbali kwanza. Kumbe u mfupi. Siku zote nilikusikia mrefu. Nikavuka barabara, nikavua kitenge kichwani, nikasimama mbele yako nikakutazama usoni, macho yote mawili, kwa kusudi.

Wewe ndiye uliyeshusha macho. Lakini kabla hujayashusha ulinitambua. Muuza majembe hakunijua, na yeye ni jirani yenu. Wewe ulinijua papo hapo, uso ambao hukutakiwa kuujua hata kidogo, ukaacha jembe ukaondoka bila mkongojo wako. Nimeuacha kwa Pili, ukauchukue.

Basi swali langu limejibiwa, na sikudai tena kitu. Na lile ulilowaambia wazee sasa ni kweli, nimekukodolea, shahidi yupo. Ukitaka waite. Safari hii baba yangu hatakuja. Nitakuja mwenyewe, na sitakaa jikoni.

Asifiwe Zebedayo